Tembe Saba

Wiki ya ishirini na tatu, na kiota bado kitupu.
Nimehesabu kwenye kalenda ya duka la pembejeo,
tarehe nimezizungushia kwa kalamu ya Nyemo, mjukuu wangu;
mwenyewe yuko bweni, Kondoa, hajui wino umekwisha.

Niliwanunua Hombolo, wangali na manyoya ya shingoni tu,
nikawaleta Nkuhungu kwenye boksi la sabuni lenye matundu ya msumari.
Sasa wana vifua. Wanakula kama mafundi siku ya kumwaga zege,
na wakishiba wananitazama kwa jicho moja moja
kama karani anayekwambia mtandao unasumbua.

Jirani yangu, Mama Chiwanga, ana ushauri wa bure:
"Chinja mmoja, wenziwe watajifunza."
Sikuchinja.
Miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi reli,
najua treni haiwahi kwa kumtukana mshika bendera.

Nikaanza na nyumba.
Debe la mafuta ya alizeti, nimelilaza ubavu,
ndani makapi ya uwele, nyuma yake ukuta,
mahali ambapo upepo wa Agosti haufiki,
huu upepo wetu usiobisha hodi,
unaobeba vumbi la Kizota nzima ukalilaza kitandani pako.
Nikatundika gunia mlangoni.
Kuku naye ana haya; mambo yale hataki kutazamwa.

Kisha mashudu, kiganja kizima asubuhi.
Kisha mifupa: niliiomba kwa mchoma nyama wa Maili Mbili,
nikaichoma tena, nikaitwanga kwenye kinu cha marehemu mama,
usiku, watu wasije wakaulizana.
Maji mara tatu, kwa kuwa jua la saa nane
hunywa ndoo kabla ya mwenye ndoo.
Balbu ndogo mpaka saa tatu. Luku inalia, nami naiacha ilie.

Mwisho nikaingiza uongo:
jiwe jeupe, la mviringo, la korongo la Mkonze,
nimelisugua kwa sabuni mpaka likasahau mto.
Nikaliweka ndani ya debe nikawaambia,
"Hili ni la jana."
Mmoja alilidonoa. Akanigeukia. Akaenda zake.

Huku kwetu tembe ni nyumba:
paa bapa la udongo, watu na ndama chini ya boriti moja,
moshi ukitafuta pa kutokea.
Kwenye kamusi ya Nyemo, tembe ni kuku ambaye hajataga.
Nimezaliwa ndani ya ile ya kwanza.
Sikujua nitazeeka nikingoja ya pili ifungue mlango.

Jumatatu, yule mwekundu, undu umemwiva kama nyanya ya gengeni.
Jumanne, nikimgusa mgongo anachutama,
anatandaza mabawa, ananiachia uzito wake wote.
Jumatano hali. Anazunguka ua, anachungulia kila kitu:
chini ya baiskeli, ndani ya karai, chumbani kwangu.
Debe, hata halitazami.

Alhamisi, saa nne kasoro, nanyoa ndevu,
nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu mama hajafa.
Anatetea.
Anatetea kama wakili aliyelipwa vizuri,
na wale sita, ambao hawajafanya lolote, wanamuunga mkono.

Nikatoka na povu shavu moja.
Debe: jiwe, peke yake, safi.
Stoo, nyuma ya jembe, ilipoanguka kofia yangu ya kazi,
ile ya buluu, yenye alama ya shirika na jasho la vituo kumi na viwili,
humo ndani, dogo kuliko limau,
lina mstari mwembamba wa damu,
la moto.

Sikuliokota mara moja. Nilivua kandambili kwanza, sijui kwa nini.

Kofia nimeiacha palepale.
Jiwe nimelihamisha.